Ni Nani Unayemwita Bwana?

SOMO LA WIKI
Andiko la kusoma: Yohana 20:11–28
Mstari wa kukariri: Luka 6:46

Bwana Yesu asifiwe sana, wapendwa.

Najua umeshaitikia "Amina" kabla hata ya kufikiria. Hapo ndipo somo la wiki hii linapoanzia. Neno Bwana tumelizoea mpaka linatoka mdomoni lenyewe, kama mtu anayepiga mswaki huku akiwaza mambo mengine.

Jumapili moja nilijaribu kuhesabu ni mara ngapi tunalitaja katika ibada ya kwanza. Nilikuwa na kalamu na karatasi ya matangazo. Ndugu aliyefungua kwa maombi alilitaja karibu kila alipovuta pumzi. Kwaya ikalirudia. Kila aliyesimama kutoa ushuhuda alianza nalo na akamaliza nalo. Kabla hatujafika kwa sadaka nilikuwa nimejaza upande mzima wa karatasi kwa vijiti vya kuhesabia, nikaachia hapo. Ibada ikaisha, tukatoka, na pale langoni nikamsikia kijana wa bodaboda akimwambia mwenzake, "Wacha hizo, bana!" Neno ni lile lile. Limetoka madhabahuni likafika steji ya boda, na njiani limepoteza herufi moja tu.

Jumanne ya wiki hiyo nilikuwa ofisini nikijaza fomu za bima ya afya za wafanyakazi wa kanisa. Kwa kuwa nilisomea biashara, kazi za makaratasi hunijia mimi. Nikafika kwa fomu ya mlinzi wetu wa lango. Fomu inaanza na nafasi ya kuchagua: Bw. au Bi. Nikachagua Bw. Mbele yake kuna mstari wa kuandika jina. Hapo nikakwama. Sikulijua jina lake.

Nilimuuliza dada wa ofisini. Akanitazama, akasema, "Si sisi wote tunamwita Soja?"

Mzee huyu amenifungulia lango kwa miaka miwili na miezi minne. Kila asubuhi ananiambia, "Bwana asifiwe, mtumishi," nami namjibu "Amina" huku nikitazama simu. Nikitaka viti vihamishwe nasema, "Wewe soja, hebu kuja." Wakati huo huo kuna wageni wanaotutembelea mara moja kwa mwaka, siku ya harambee, na hao nawajua majina matatu matatu, na nikiwatambulisha sikosi "Mheshimiwa" wala "Bwana".

Nilikaa na ile fomu mbele yangu nikajiuliza: hili neno Bwana, ambalo midomo yetu inalimwaga kanisani kama maji, linamaanisha nini hasa? Na kwa nini lilinikwama mbele ya jina la mtu ninayemwona kila siku? Hayo ndiyo ninayotaka tujifunze pamoja.

1. NENO LIMETOKA WAPI

Bwana ni neno la zamani sana katika Kiswahili. Wamisionari hawakulileta. Walilikuta pwani. Mwaka wa 1728, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, ulitungwa Utendi wa Tambuka, mmoja wa tungo kongwe zaidi za Kiswahili tulizo nazo katika maandishi. Mtunzi wake anajulikana kama Bwana Mwengo. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika mji wa Siyu kwenye kisiwa hicho hicho, alitawala Bwana Mataka, aliyemsumbua sana Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Mke wake ndiye Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka wa 1858. Unaona: mwanamume mwenye heshima aliitwa Bwana, na mwanamke mwenye heshima aliitwa Mwana. Lilikuwa jina la adabu alilopewa mtu wa elimu, wa ukoo au wa uongozi.

Tukirudi nyuma zaidi, kamusi kubwa hulihusisha neno hili na Kiarabu, *abuna*, maana yake "baba yetu". Neno hilo bado linatumika kama jina la cheo kwa majirani zetu: maaskofu wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huitwa Abuna. Na mzizi wake, *ab*, yaani baba, ndio huo huo ulio katika neno unalolijua vizuri kutoka Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6, mahali Paulo anaposema kwamba Roho ndani yetu anamlilia Mungu "Aba".

Hapa naomba tutembee polepole. Mhubiri akisikia jambo kama hilo anaweza kujenga mahubiri matatu juu yake kabla ya chakula cha mchana. Lakini maana ya neno haikai kwenye mzizi tu. Inakaa pia katika namna watu wanavyolitumia. Mtu anaweza kuitwa kwa neno lililotoka kwa "baba yetu" na asiwe na ubaba wowote. Hilo hapa kwetu tunalijua vizuri.

2. BWANA WA SISIBO

Wazee wa huku bado wanaliita jiji letu Sisibo. Vijana wengine wanadhani ni jina la Kikalenjin la tangu zamani. Limetoka kwa namba ya Kiingereza, sitini na nne, kwa sababu mji huu ulianzia kwenye shamba namba 64. Mwaka wa 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda na magari ya ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, wakafika Uasin Gishu na kugawiwa mashamba. Posta ikafunguliwa kwenye shamba hilo, na mwaka wa 1912 mji ukapewa jina la Eldoret.

Na mashamba yale yakaja na lugha yake. Mwenye shamba alikuwa Bwana. Mke wake alikuwa Memsaab. Mkuu wa wilaya alikuwa Bwana DC. Na Mwafrika aliyelima, aliyekamua ng'ombe, aliyepika, aliitwa "boi". Hata kama ana mvi. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, wengi wakakining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na sheria hiyo ikaendelea mpaka 1947. Kwa hiyo jina lake lilikuwepo, limeandikwa vizuri, limefungiwa ndani ya chuma kifuani pake. Lakini akiitwa, anaitwa boi.

Babu yangu alifanya kazi katika moja ya mashamba hayo katika miaka ya 1950. Alikuwa tayari ana watoto wawili. Alituambia kwamba kilichomuuma si kazi, kwa maana kazi aliiweza. Kilichomuuma ni siku kijana wa mwenye shamba, mtoto aliyemzoea tangu akitambaa, alipomwita boi mbele ya mwanawe wa kwanza, na yeye akaitika, "Ndiyo, Bwana mdogo." Alikuwa akifika hapo anabadilisha hadithi.

Sasa fikiria jambo moja. Katika miaka ya 1930, Mungu alitembelea watu huko Gahini, Rwanda, na moto ule wa uamsho ukapita Uganda, ukaingia Kenya mwaka wa 1937. Waliookoka walikuwa wakisalimiana kwa kumsifu Yesu, na hiyo salamu yetu ya "Bwana asifiwe" imeenezwa sana nao. Wakaitana ndugu na dada. Wamisionari wazungu na Waafrika walisimama mbele ya watu wakatubu, wengine wakatubiana wao kwa wao. Jaribu kusikia salamu hiyo kwa masikio ya wakati ule. Mtu ambaye kutwa nzima amekuwa akisema "Ndiyo, Bwana" kwa mwenye shamba, jioni anakutana na mwenzake njiani, wanashikana mikono, anasema, "Bwana asifiwe!" Na wote wawili wanajua kwamba Bwana anayesifiwa si yule wa kwenye nyumba ya mabati mekundu pale juu ya kilima.

Salamu hiyo ilikuwa na uzito. Ilisema kwamba yuko Bwana mwingine, na yeye ndiye wa mwisho.

3. BWANA NA bwana

Tufungue Biblia sasa. Ukitumia Biblia ya Union Version, tafsiri iliyotoka mwaka wa 1952, utaona neno hili limeandikwa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni BWANA kwa herufi kubwa zote. Hiyo imejaa Agano la Kale. Kila unapoiona, ujue kwamba katika Kiebrania pana lile Jina la Mungu lenye herufi nne. Wayahudi kwa heshima hawakulitamka. Walipolifikia, walisoma *Adonai*, maana yake Bwana wangu. Waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki wakafuata desturi hiyo, wakaweka *Kurios*. Watafsiri wetu wakaweka BWANA.

Ya pili ni Bwana, herufi kubwa moja, hasa katika Agano Jipya. Hapo kwa Kigiriki ni *Kurios*.

Ya tatu ni bwana, herufi ndogo: bwana wa shamba la mizabibu, bwana wa nyumba, bwana wa mtumwa. Nayo kwa Kigiriki, mara nyingi, ni *kurios* huyo huyo.

Kwa hiyo Mgiriki wa kawaida alikuwa na neno moja lililofanya kazi zote hizo, kama letu. *Kurios* alikuwa mwenye mali. *Kurios* alikuwa mtu usiyemjua unayetaka kumsemesha kwa adabu, kama vile sisi tunavyosema, "Samahani bwana, stendi ya matatu za Kapsabet iko wapi?" Wale Wayunani waliotaka kumwona Yesu katika Yohana 12:21 walimwendea Filipo, mtu wa Bethsaida, wakamwita *Kurios*. Na Kaisari wa Rumi naye alikuwa *Kurios*.

Hapo kwa Kaisari ndipo neno lilipogeuka kuwa la kufa na kupona. Karibu na mwaka wa 155, katika mji wa Smirna, ambao leo ni Izmir katika Uturuki, askofu mzee aliyeitwa Polikarpo alikamatwa. Maafisa walimbembeleza. Walimuuliza kuna ubaya gani kusema tu kwamba Kaisari ni Bwana, atoe uvumba kidogo, aende nyumbani. Ni maneno mawili tu kwa Kigiriki. Polikarpo alikataa, akachomwa moto. Alijua kwamba neno hilo, likisemwa mahali pale kwa maana ile, ni ibada. Na ndiyo maana Paulo anasema katika 1 Wakorintho 12:3 kwamba hakuna awezaye kumkiri Yesu kuwa Bwana ila kwa Roho Mtakatifu. Sisi Wapentekoste tunapenda sana sura hiyo kwa ajili ya karama. Tusiruke mstari wa tatu tukikimbilia wa nane.

4. MARIAMU NA MTUNZA BUSTANI

Sasa tufike kwenye andiko letu. Yohana 20 ni sura ya ajabu kwa neno hili moja. Lifuatilie kwa kalamu.

Katika mstari wa 13 Mariamu Magdalene analia kaburini. Anawaambia malaika kwamba wamemwondoa Bwana wake. Hapo Bwana ni Yesu, ambaye yeye anadhani ni maiti.

Katika mstari wa 14 na 15 anageuka, anaona mtu amesimama. Yohana anatuambia wazi kwamba alidhani ni mtunza bustani. Na neno la kwanza analomwambia ni Bwana.

Simama hapo kidogo. Ni asubuhi mapema, macho yamevimba, hana nguvu, ana haraka, na anamshuku huyu mtu kwamba pengine ndiye aliyehamisha mwili. Mbele yake, kwa kadiri anavyojua, ni mtu wa jembe. Angeweza kusema, "Wewe, mwili umepeleka wapi?" Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini anamwita Bwana, halafu ndipo anauliza.

Alimpa mtunza bustani heshima ya kawaida ya mtu kwa mtu. Na mtu aliyempa heshima hiyo alikuwa ndiye Bwana mwenyewe. Neno alilolitoa kwa adabu tu lilikuwa kweli kuliko alivyojua.

Sasa tujiulize hapa Eldoret: nani anamwita mtunza bustani Bwana? Tuna neno letu la mtu huyo. Tunamwita "shamba boi". Anaweza kuwa na miaka 50 na wajukuu wanne, bado ni boi. Mwaka wa 1963 bendera ilibadilika, mashamba yakabadilisha wenyewe, lakini lile "boi" lililomuuma babu yangu tukaliokota, tukaliosha, na sasa tunalitumia sisi. Tena tunalitumia tukiwa tumetoka kusema "Bwana asifiwe".

Endelea na sura. Katika mstari wa 16 Yesu anajibu. Hajibu swali lake. Anamwita tu kwa jina: Mariamu. Na hapo ndipo anamtambua. Yeye ambaye ni Bwana wa wote ndiye aliyelijua jina lake. Alikuwa ameshasema katika Yohana 10:3 kwamba mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina. Nilipousoma mstari huo baada ya ile Jumanne, mimi ninayeitwa mchungaji, sikuwa na la kusema.

Katika mstari wa 18 Mariamu anakimbia kuwaambia wanafunzi kwamba amemwona Bwana. Na katika mstari wa 28 Tomaso anamkiri kuwa Bwana wake na Mungu wake. Sura moja. Neno limeanza kwa maiti, likapita kwa mtunza bustani, likafika kwenye kiti cha enzi. Na ni mtu yule yule muda wote.

Ukitaka ushahidi wa pili, soma Matendo 16:30. Askari wa gereza la Filipi anawaita Paulo na Sila, wafungwa wake, watu waliopigwa jana, kwa neno hili hili, "Bwana zangu", kisha anauliza afanye nini aokoke. Na jibu analopewa ni kwamba amwamini Bwana Yesu. Neno ni lile lile katika mistari miwili inayofuatana. Wokovu ulipoingia katika ile nyumba, alichukua maji akawaosha mapigo yao. Heshima ilianza mdomoni ikashuka mpaka mikononi.

5. NENO HILI NYUMBANI, KAZINI NA KANISANI

Nyumbani. Hapa Kenya mke humwita mume wake "bwana yangu". Ni sawa, na Petro anamtaja Sara aliyemwita Ibrahimu bwana (1 Petro 3:6). Lakini wako ndugu ambao mstari huo ndio pekee wanaoukariri katika Biblia nzima. Soma basi na Hosea 2:16. Mungu anawaambia watu wake kwamba inakuja siku watamwita *Ishi* wala hawatamwita tena *Baali*. Katika Kiebrania maneno yote mawili yanaweza kumaanisha mume. Lakini *Ishi* ni mume wangu, mtu wangu, na *Baali* ni bwana kwa maana ya mmiliki, na tena ni jina la sanamu. Mungu mwenyewe, mwenye haki yote ya kuwa mmiliki, anataka aitwe kwa lile jina la upendo. Ndugu, mkeo akikuita bwana, anasikia *Ishi* au *Baali*?

Kazini. Paulo anawaambia mabwana katika Waefeso 6:9 kwamba waache vitisho, kwa sababu wao na watumishi wao wana Bwana mmoja mbinguni, na kwake hakuna upendeleo. Ukiajiri hata mtu mmoja, wa kufua, wa kulinda ng'ombe, wa kuuza dukani, mstari huu ni wako. Wewe ni bwana mwenye Bwana.

Kanisani. Yakobo 2 inaeleza kuhusu mtu mwenye pete ya dhahabu anayeonyeshwa mahali pazuri, na maskini anayeambiwa asimame kule. Katika chuo nilifundishwa kwamba mteja mkubwa lazima ujue jina lake, kazi yake, hata siku yake ya kuzaliwa. Ni mafundisho mazuri ya biashara. Shida ni kwamba niliingia nayo kanisani bila kuyapanguza miguu. Nikawa najua majina kulingana na bahasha.

Na niseme la kwetu sisi watumishi pia. Mtu akiniita kwa jina langu tupu, bila "Pastor" mbele, nasikia kitu kinagusa hapa kifuani. Nimejichunguza, kipo. Yesu katika Yohana 13 aliwaambia wanafunzi kwamba wanafanya vema kumwita Mwalimu na Bwana, kwa kuwa ndivyo alivyo. Hakulikataa jina. Lakini alisema hayo akiwa ametoka kuwaosha miguu. Alichukua lile neno Bwana akalifunga kitambaa kiunoni. Anayetaka kuitwa kwa cheo katika kanisa la Yesu na aanze hapo kwenye beseni.

6. TUFANYE NINI BASI?

Nilienda langoni siku hiyo hiyo na ile fomu mkononi. Nilimwambia mzee ukweli: kwamba nimefanya naye kazi miaka miwili na sijui jina lake, na kwamba nimekosa. Hakusema "si kitu". Alikaa kimya kidogo, akaniambia majina yake yote matatu, taratibu, akisubiri niandike. Kisha akauliza, "Hapo mwanzo umeandika nini?"

Nikamwambia, "Nimeandika Bwana."

Akasema, "Basi andika vizuri."

Nilimuuliza anataka nimwite nani. Akasema "Mzee" inatosha. Ameniomba nisichapishe jina lake hapa, nami nimekubali. Kama unataka kulijua, anakaa pale langoni. Muulize.

Sitaki udhani nimeshapona. Wiki iliyopita nilienda kumtembelea mshirika mmoja, na mlinzi alipochelewa kufungua nikajisikia nikisema, "Wewe!" Tabia ya miaka haitoki kwa fomu moja. Lakini sasa angalau nikisema hivyo najisikia, na zamani sikuwa najisikia.

Nenda na hatua hizi tatu:

Kwanza, ukisema "Bwana asifiwe" wiki hii, mtazame machoni yule unayemsalimia. Usiitikie "Amina" ukiwa umeinamia simu.

Pili, tafuta mtu mmoja ambaye umekuwa ukimwita kwa kazi yake tu: soja, makanga, mama mboga, shamba boi. Uliza jina lake. Ulizia anapenda kuitwa vipi. Halafu mwite hivyo.

Tatu, soma Luka 6:46 kila asubuhi. Hapo Yesu anauliza kwa nini watu wanamwita Bwana mara mbili kwa mkupuo na hawatendi anayosema. Chagua jambo moja ambalo umejua kwa muda kwamba amekuambia ufanye. Lifanye kabla ya Jumapili.

Yesu ni Bwana. Hakuna mwenye shamba, hakuna mheshimiwa, hakuna mchungaji atakayechukua nafasi hiyo. Na kwa sababu nafasi hiyo ya juu imeshajaa, sisi wengine wote tumebaki ndugu. Mtu aliyeelewa hilo haogopi tena kumwita mtunza bustani Bwana. Hapungukiwi na chochote. Na ni nani ajuaye, pengine siku moja atageuka na kukuta ni nani aliyekuwa anamsemesha.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Yohana 20, neno Bwana limetumika mara ngapi kuanzia mstari wa 11 hadi wa 28? Kila mara, anayelisema anamaanisha nini?
2. Kwa nini Polikarpo hakukubali kusema maneno mawili tu? Leo ni wapi tunapoombwa kusema "Kaisari ni Bwana" kwa njia nyingine?
3. Je, kuna mtu kazini kwako au nyumbani kwako ambaye hujui jina lake? Huna haja ya kulijibu hili mbele ya wengine.
4. Akina baba: soma Hosea 2:16 pamoja na mkeo. Muulize. Kisha nyamaza usikilize.

TUOMBE

Bwana Yesu, tumelitaja jina lako mara nyingi na tumekutii mara chache. Utusamehe. Utusamehe kwa watu uliowaumba kwa mfano wako ambao tumewaita "wewe". Wewe unalijua jina la kila mmoja wetu. Tufundishe kujuana. Na tukikuita Bwana Jumapili hii, maisha yetu ya Jumatatu yaseme Amina. Ni katika jina lako tumeomba. Amina.